LEV TERMEN: MRUSI ALIYEUNDA MASHINE YA BITI MWAKA 1931, KISHA AKATOWEKA



Leo naomba tukae kidogo na mzee mmoja wa Kirusi ambaye jina lake wengi wetu hatulijui, ila matunda ya kazi yake tunayasikia kila siku. Wewe unayetengeneza biti kwenye FL Studio (ambayo wengine bado tunaiita Fruity Loops), wewe unayekaa kwenye foleni ya kompyuta ili upakue sampo za ngoma, huyu ni babu yako kwenye fani. Mwaka 1931, akiwa New York, aliunda mashine ya umeme yenye uwezo wa kupiga midundo 16 tofauti kwa mpigo. Miaka 7 baadaye akapanda meli kimya kimya, akatoweka. Marafiki zake wa Marekani walikaa miaka mingi wakiamini ameshakufa.

Jina lake ni Lev Sergeyevich Termen. Wamarekani walimwita Leon Theremin. Nimekuwa nikisoma habari zake kwa wiki kadhaa, na kuna swali limenikaa kichwani: hivi kipaji ni mali ya nani? Ya mwenye nacho, au ya yule anayemlisha? Twende taratibu, mtaona kwa nini nauliza.

KIJANA WA SELO NA REDIO

Termen alizaliwa mwaka 1896 mjini St. Petersburg, Urusi. Tangu utotoni alikuwa na mapenzi mawili. La kwanza ni selo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji anaikalia na kuibana magotini. La pili ni umeme. Akasoma yote mawili, muziki huku na fizikia kule. Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta, akaingia jeshini kama fundi wa redio. Mapinduzi ya 1917 yakaja, serikali ikabadilika, yeye akabaki kuwa fundi redio, safari hii kwa Jeshi Jekundu. Mnaona? Tangu mapema, mabosi wanabadilika, fundi ni yule yule.

Baadaye akachukuliwa na mwanafizikia Abram Ioffe kwenye taasisi yake ya utafiti. Mwaka 1920 alikuwa anaunda kifaa cha kupima gesi. Kifaa hicho kilikuwa kinatoa mlio, na Termen akagundua kwamba akisogeza mkono karibu, mlio unapanda, akiurudisha nyuma, unashuka. Mtu mwingine angesema hiki kifaa kina matatizo, ngoja nikirekebishe. Jamaa kwa kuwa ni mpiga selo, akaanza kutafuta noti hewani! Akacheza nyimbo alizozijua, bila kugusa kitu chochote.

Hapo ndipo kilipozaliwa chombo kinachoitwa theremin. Fizikia yangu ni ya kidato cha nne, kwa hiyo nitaieleza kwa lugha ninayoielewa mimi. Ndani ya boksi kuna mitambo miwili inayotoa mawimbi ya kasi kubwa mno, ambayo sikio haliwezi kuyasikia. Tuseme mmoja unatetema mara 300,000 kwa sekunde, na wa pili mara 300,440. Ukiyachanganya mawimbi hayo unapata tofauti yake, yaani 440, na hiyo sikio linaisikia vizuri kabisa, ni noti ya A. Sasa mmoja wa mitambo hiyo umeunganishwa na antena iliyosimama wima. Mwili wa binadamu una umeme wake kidogo wa kuhifadhi, kwa hiyo ukisogeza mkono karibu na antena unaubadilisha ule mtetemo, tofauti inabadilika, noti inabadilika. Antena ya pili, iliyopindwa kama kitanzi, inapandisha na kushusha sauti. Ndiyo hivyo tu. Mikono inaelea hewani kama mtu anayesema na majini, na muziki unatoka.

Machi 1922 aliitwa Kremlin kumwonyesha Lenin mwenyewe. Akapiga theremin, na pia akaonyesha king'ora cha kugundua wezi kilichotumia ujanja ule ule wa kuhisi mwili wa mtu. Lenin akajaribu kupiga kwa mikono yake. Baada ya hapo Termen akapewa ruhusa ya kuzunguka nchi nzima akionyesha maajabu ya umeme. Wekeni akilini hilo jambo la king'ora. Kuanzia siku ile, kifaa cha muziki na kifaa cha ulinzi vilikuwa vinatoka kwenye begi moja.

NEW YORK, MJI WA DOLA

Mwaka 1927 akapelekwa Ulaya kufanya maonyesho, na Desemba mwaka huo huo akatua New York. Watu walichanganyikiwa. Mwaka 1928 akapata hataza ya Marekani, na mwaka 1929 kampuni kubwa ya RCA ikaanza kutengeneza theremin za kuuza madukani. Zilitengenezwa kama 500 hivi. Bei ilikuwa zaidi ya dola 200 ukijumlisha spika na vikorokoro vyake, halafu Oktoba 1929 soko la hisa likaanguka, watu wakawa wanatafuta mkate. Isitoshe, matangazo yalidai kila mtu anaweza kupiga, kumbe ni chombo kigumu balaa. Hakina funguo wala nyuzi za kukuonyesha noti iko wapi. Ni sikio lako tu.

Pamoja na hayo, Termen alikuwa na studio yake Manhattan na wanamuziki wakubwa walikuwa wanapita pale. Mmoja wao alikuwa Henry Cowell, mtunzi Mmarekani mwenye kichwa cha ajabu. Na hapa ndipo inapoanza sehemu inayotuhusu sisi watu wa biti.

RHYTHMICON: MDUNDO NA NOTI NI KITU KIMOJA

Cowell alikuwa na wazo ambalo alishaliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1930, New Musical Resources. Wazo lenyewe ni hili: mdundo na noti ni kitu kile kile, tofauti ni kasi tu.

Unaweza kulijaribu mwenyewe. Weka kiki kwenye programu yako, ipige mara 2 kwa sekunde. Utasikia du, du, du, du. Sasa iongezee kasi: mara 5, mara 10, mara 15. Ukipita kama mara 20 kwa sekunde, masikio yako yanaacha kuhesabu mapigo. Unaanza kusikia mngurumo mmoja, yaani noti ya chini kabisa. Endelea kuongeza, noti inapanda. Mdundo umegeuka kuwa mlio.

Cowell akasema, kama ni hivyo, basi uwiano unaopendeza kwenye noti unaweza kuwekwa kwenye midundo. Noti mbili ambazo moja inatetema mara 3 wakati mwenzake inatetema mara 2 zinalingana vizuri sana, na kila kwaya inazitumia. Uwiano huo huo ukiushusha hadi kasi ya mkono unapata mapigo 3 juu ya mapigo 2. Sisi hapo hatuhitaji profesa, maana 3 juu ya 2 ipo kwenye ngoma nyingi za Afrika. Mpigaji mmoja anashika yake, mwenzake anashika yake, na mchezaji anacheza katikati.

Lakini Cowell alitaka kwenda mbali zaidi. Alitaka 5 juu ya 4, juu yake 7, juu yake 9, juu yake 11, vyote kwa pamoja. Kwa mikono ya binadamu hiyo ni kazi ya kupasua kichwa. Akamfuata Termen, akamwomba amtengenezee mashine.

Termen akaiunda mwaka 1931. Ikaitwa Rhythmicon. Ilikuwa na kibodi ya vitufe 17. Ukibonyeza kitufe cha kwanza, mlio mzito unapiga mara 1 kwenye kila duru. Kitufe cha pili kinapiga mara 2, na noti yake iko juu kwa kiwango kile kile. Cha tatu mara 3, cha nne mara 4, hivyo hivyo hadi cha 16, ambacho kinapiga mara 16 kwa mlio mwembamba. Kitufe cha 17 kilikuwa cha kuongeza pigo la kuvunja mdundo, ule utamu wa kuchelewa na kuwahi. Kulikuwa pia na mikono ya kubadilishia kasi na kupandisha au kushusha noti ya msingi. Ukishikilia kitufe, mdundo unajirudia wenyewe mpaka ukiachie. Yaani lupu! Mwaka 1931!

Ndani yake hakukuwa na kompyuta, maana hazikuwepo. Kulikuwa na taa, sahani zinazozunguka zenye matundu, na seli inayogeuza mwanga kuwa umeme. Taa inawaka, sahani inazunguka, mwanga unapita kwenye tundu na kukatika, unapita na kukatika. Kila mkatiko ni pigo. Matundu mengi, mapigo mengi. Mchezo mzima ulikuwa wa mwanga na vivuli.

Januari 1932 ikaonyeshwa hadharani New York, na Mei ikaonyeshwa San Francisco. Watu wakashangaa, halafu wakarudi nyumbani. Nadhani sababu naielewa. Mlio wake haukuwa mtamu kama ngoma yenye ngozi, na mpigaji hakuweza kuweka mpangilio wake mwenyewe. Uwiano ulikuwa umechongwa kwenye sahani. Kitufe cha tano kitapiga 5 milele, kikiwa kimenyooka kama rula. Cowell aliitungia kazi nzima ya okestra iitwayo Rhythmicana, lakini alifariki mwaka 1965 bila kuisikia ikipigwa. Ilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 huko Stanford, na sehemu ya Rhythmicon ikachezwa na kompyuta. Miaka 40 kamili wazo lilikuwa linasubiri mashine ya kulibeba.

LAVINIA

Turudi kwa Termen. Miaka ile ya 1930 alimpenda dada mmoja mweusi wa Kimarekani, Lavinia Williams, mcheza baleti. Termen alikuwa ameshaunda jukwaa ambalo mtu akicheza juu yake, mwili wake unatoa muziki, kwa hiyo alihitaji wachezaji, na Lavinia akawa mmojawapo. Wakaoana.

Marekani ya wakati ule ubaguzi ulikuwa mkali. Matajiri waliokuwa wakimkaribisha Termen kwenye sebule zao wakaanza kumfungia milango. Waliomkopesha hela nao wakaanza kuzitaka. Jamaa alikuwa na madeni ya kutosha, na kodi pia zilikuwa zinamdai. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawakulijua: muda wote ule New York alikuwa akikutana na watu wa ujasusi wa Kisovieti na kuwapa taarifa. Hakuwahi kuwa msanii huru aliyekwenda kutafuta maisha. Alikuwa ametumwa.

Septemba 1938 akaondoka kwa meli ya Kisovieti. Wapo waliosema alitekwa. Yeye mwenyewe, alipokuwa mzee, alisema aliondoka kwa hiari. Lavinia alibaki. Hawakuonana tena. Baadaye dada huyo alihamia Haiti, akafungua shule ya dansi, akafariki mwaka 1989. Binafsi hii ndiyo sehemu iliyonigusa kuliko zote.

GEREZANI, NA ILE NEMBO YA MBAO

Termen alirudi nyumbani akidhani atapokelewa kama shujaa. Machi 1939 akakamatwa. Mashtaka yalikuwa ya kupikwa, kama ya maelfu ya watu wengine wakati wa Stalin. Akapewa miaka 8, akapelekwa Kolyma, mashariki ya mbali kabisa, kwenye kambi za kazi ngumu ambako baridi na njaa viliua watu kama nzi. Inasimuliwa kuwa kule aliwatengenezea wafungwa wenzake reli ya mbao ya kupitishia toroli za mawe, kazi yao ikaongezeka, na chakula chao kikaongezwa. Hata pale, kichwa chake hakikukaa bure.

Serikali ikakumbuka kwamba huyu mtu ni lulu. Ikamtoa Kolyma na kumweka kwenye gereza la wataalamu, mahali ambapo wafungwa wenye elimu walifanya utafiti chini ya ulinzi. Kwenye gereza hilo walipitia pia Andrei Tupolev, muundaji wa ndege, na Sergei Korolev, ambaye baadaye ndiye aliyesimamia roketi iliyompeleka Yuri Gagarin angani mwaka 1961.

Sasa sikilizeni hii. Agosti 4, 1945, watoto wa shule wa Kisovieti walimpelekea balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, zawadi ya urafiki: nembo ya taifa la Marekani iliyochongwa kwenye mbao nzuri. Balozi akaitundika kwenye ofisi ya nyumbani kwake. Ilikaa ukutani miaka 7. Mwaka 1952 ndipo Wamarekani walipogundua kuwa ndani yake kuna kinasa sauti. Hakikuwa na betri wala waya. Jasusi aliyekaa nje alielekeza mawimbi ya redio kwenye jengo, mawimbi yakagonga kile kifaa na kurudi yakiwa yamebeba maneno ya balozi. Mwaka 1960 Marekani iliionyesha nembo hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa.

Aliyeunda kinasa sauti hicho ni Termen. Na ukiangalia jinsi kinavyofanya kazi, unapata baridi. Kwenye theremin, mkono unaposogea karibu na antena unabadilisha umeme uliohifadhiwa, na noti inabadilika. Kwenye nembo, sauti ya mtu inatikisa utando mwembamba ulio karibu na chuma, umeme uliohifadhiwa unabadilika, na mawimbi yanabadilika. Ni theremin ile ile! Ila safari hii anayeipiga hajui kwamba anaipiga.

Mwaka 1947 akaachiwa huru na kupewa Tuzo ya Stalin, moja ya tuzo kubwa kabisa za nchi. Nchi iliyomfunga ndiyo iliyompa tuzo, kwa kazi aliyoifanya akiwa mfungwa. Akaoa tena, akapata mabinti mapacha, na akaendelea kuwafanyia kazi watu wa usalama kwa miaka mingi.

KURUDI KWENYE MUZIKI

Miaka ya 1960 hatimaye alipata nafasi kwenye chuo cha muziki cha Moscow. Akarudia vyombo vyake kama mtu aliyerudi kwao baada ya vita. Akaunda theremin mpya, akaunda hata Rhythmicon nyingine. Mwaka 1967 mwandishi wa muziki wa New York Times, Harold Schonberg, akatembelea chuo hicho, akakuta Termen yupo hai! Akaandika. Habari ikafika Marekani, ikafika pia kwa wakubwa wa chuo, ambao hawakufurahia. Vyombo vyake vikavunjwa na kutupwa, yeye akafukuzwa. Alikuwa na zaidi ya miaka 70. Akaenda kufanya kazi ya ufundi kwenye idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Moscow.

Lakini huku Marekani wazo lilikuwa limeshatoroka. Kijana mmoja, Robert Moog, alijenga theremin yake ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1940 akiwa bado shuleni, akifuata maelekezo ya gazeti la mafundi. Miaka ya 1950 akawa anauza theremin za kujiundia nyumbani. Mwaka 1964 akatoa sinthesaiza yenye jina lake, ambayo ilibadilisha muziki wa dunia. Moog hakuwahi kuficha kwamba theremin ndiyo iliyomfundisha kazi. Kwenye upande wa ngoma, mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ikatoa TR-808, mashine ambayo sauti zake zimejaa kwenye hip hop hadi leo. Na tofauti na Rhythmicon, 808 ilimwachia mpigaji apange mapigo yake mwenyewe.

Termen aliishi kuyaona mengi ya hayo. Mwaka 1989 aliruhusiwa kusafiri hadi Bourges, Ufaransa. Mwaka 1991, akiwa na miaka 95, alirudi Marekani baada ya miaka 53, akakutana tena na Clara Rockmore, mpigaji theremin bora kuliko wote, ambaye enzi za ujana aliwahi kumchumbia akakataliwa. Alifariki Moscow Novemba 3, 1993, akiwa na miaka 97. Chombo chake alikuwa ameshamfundisha binti wa ukoo wake, Lydia Kavina, tangu akiwa na miaka 9, na binti huyo akawa mmoja wa wapigaji wakubwa duniani.

SASA LILE SWALI LANGU

New York walimpenda mpaka alipoishiwa hela na kuoa mwanamke mweusi. Moscow walimfunga, wakamtumia, wakamzawadia, kisha wakamvunjia vyombo. Hakuna hata upande mmoja uliomwachia akae na kazi yake kwa amani. Ila simtoi kwenye lawama, maana kile kinasa sauti kilikuwa cha mikono yake, na ripoti za New York alizitoa kabla hajafungwa na mtu.

Maoni yangu ni haya. Rhythmicon haikushinda sokoni, na RCA hawakuuza theremin nyingi, lakini maelekezo yalichapishwa kwenye magazeti ya mafundi na dogo mmoja akayasoma. Hakuna mkubwa yeyote wa chuo aliyeweza kuyarudisha. Kwa hiyo wewe unayejua kutengeneza biti au kufungua redio ukaifunga tena, mfundishe mwenzako, hata mmoja. Usikae nayo peke yako ukisubiri tajiri au mheshimiwa akuone.

Nyie mnasemaje? Mfungwa anayeambiwa unda au ufe, ana lawama kwa alichokiunda? Na wale maprodyuza wetu, nani kati yenu ameshajaribu 7 juu ya 5 kwenye biti ya Bongo Fleva? Shusheni maoni hapo chini, matusi hapana.

Tukutane tena.